Sime, Simi, Seme: Kisu cha Mhunzi na Kisu cha Kabati katika Ukanda wa Ngoliba

Utangulizi

Msomaji akifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, ataliona neno sime likiwa limeelezwa kuwa ni aina ya silaha ya chuma yenye makali pande mbili. Ufafanuzi huo si wa makosa, ila unamwacha msomaji pale pale mlangoni. Haumwambii ni nani aliyeifua sime hiyo, aliitoa wapi chuma chake, wala ilivaliwa namna gani. Haumwambii pia kwa nini neno hilo hilo hutamkwa simi na wakazi wengi wa bara ya Kenya, na huandikwa seme katika orodha za wakusanyaji silaha wa Ulaya na Marekani.

Makala haya yanaieleza sime kwa kuitazama kutoka pande mbili: upande wa anayeifua na upande wa anayeikusanya. Mahali pa kuanzia ni Ngoliba, mashariki ya mji wa Thika, na sababu ya kuchagua mahali hapo itaonekana hivi punde. Aidha, makala yatatua kwa muda katika nchi ya mbali, Ufilipino, kwa kuwa huko kuna kisu kingine ambacho vijana wengi wa Thika na Ruiru wamekijua katika filamu na michezo ya kompyuta kabla hawajaiona sime hata moja ikitolewa alani. Hicho ni kisu cha kipepeo. Ulinganisho wa visu hivyo viwili unafichua jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulishughulikia, nalo ni hatima ya jina la fundi.

Mpaka wa mataifa matatu

Atokaye Thika kwa barabara kuu ya Garissa huyaacha nyuma mashamba ya kahawa na kuingia polepole katika nchi iliyo chini, yenye joto na mvua haba. Ngoliba iko katika nchi hiyo. Karibu yake umesimama mlima wenye kimo cha mita 2,145 ambao Waswahili na wenyeji huuita Kilimambogo, na ambao kwa Kimaasai ni Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mnene. Mto Athi unapita chini ya mlima huo, na ng'ambo yake ni nchi ya Wakamba wa Machakos. Upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea vilima vya Wagikuyu. Nyanda za kusini zililishwa ng'ombe wa Wamaasai kwa vizazi vingi. Kwa hiyo Ngoliba ni mpaka wa kale, na mahali pa mpaka ndipo silaha zinapobadilishana mikono, kwa biashara au kwa vita.

Ipo ngano inayosimuliwa na Wagikuyu kwamba Mungu aliwapa wana watatu nafasi ya kuchagua urithi. Mmoja akachukua mkuki akawa baba wa Wamaasai, mwingine upinde akawa baba wa Wakamba, na wa tatu mti wa kulimia akawa baba wa Wagikuyu. Ngano hiyo imetajwa mara nyingi na wanaotaka kuonyesha tofauti za mataifa haya. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kile ambacho ngano haikukitaja. Mwenye mkuki, mwenye upinde na mwenye mti wa kulimia wote watatu walivaa kiunoni kisu kirefu cha namna moja: bapa jembamba karibu na mpini, likipanuka kadiri linavyokaribia ncha, makali pande mbili, ala ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Tofauti za urefu na upana zilikuwapo, lakini mgeni asiyezoea angetatizika kuzitenganisha. Ngano inagawanya, kisu kinaunganisha.

Maneno ya kisu

Kila jamaa ililipa chombo hiki jina lake. Wamaasai hukiita olalem. Wagikuyu hukiita rũhiũ rwa njora, na njora ni ala. Maana yake basi ni upanga wa alani, usichanganywe na upanga mwingine wa kufyekea. Kisu kidogo cha nyumbani kwao ni kahiũ, na kwa Wakamba ni kavyũ. Mwanafunzi wa isimu linganishi atatambua mara moja kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Sauti h ya Kigikuyu hulingana na v ya Kikamba na p ya Kiswahili, kama inavyoonekana katika viambishi vya mahali: ha- ya Kigikuyu, va- ya Kikamba, pa- ya Kiswahili.

Ngeli nazo zinafanya kazi ileile katika lugha zote. Mgikuyu hubadilisha rũ- kuwa ka- na upanga ukawa kisu. Mswahili ana upanga wa vitani, akiondoa u- anapata panga la shamba, na akitaka kukuza au kudunisha ana jisu na kijisu. Msamiati wa Kiswahili kuhusu vyuma vyenye makali ni mpana kuliko wengi wanavyodhani: kotama ya mgema, mundu wa mvunaji, shembea, jambia, hanjari. Jambia limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu, kwa kuwa huvaliwa ubavuni. Tena kisu chenyewe kina viungo vyenye majina: mpini, bapa au kengee, makali, ncha, ala. Mhunzi naye ana fuawe ya kufulia juu yake, koleo ya kushikia, mivukuto au viriba vya kupulizia, na kewa, ambayo ni bomba la udongo linaloipeleka pumzi ya viriba motoni. Maneno haya yote yamo kamusini. Wanaoyatumia ndio waliopungua, na wanafunzi wanaofaulu mtihani wa ngeli huenda wasijue tofauti ya koleo na kewa.

Kutoka mchanga hadi springi

Chuma cha kwanza cha nchi hii kilitoka mtoni. Katika vilima vya Wagikuyu mvua huosha udongo mwekundu na kuacha mabondeni mchanga mweusi mzito wenye madini ya chuma. Mhunzi, ambaye kwa Kigikuyu ni mũturi, hakuhitaji kuchimba machimbo ya kina. Watu wa jamaa yake, wakiwemo wanawake na watoto, waliuosha mchanga huo ili ulio mwepesi uchukuliwe na maji na ulio mzito ubaki. Ukikauka ulitiwa pamoja na makaa katika tanuri lililochimbwa chini na kukandikwa udongo, huku viriba vya ngozi ya mbuzi vikipulizwa kwa zamu bila kupumzika.

Hapa pana jambo ambalo huelezwa vibaya katika vitabu vingi vya shule. Chuma hakikuyeyushwa. Ili chuma kiyeyuke na kutiririka kinahitaji joto la takriban nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la namna hii halifiki huko. Lililofanyika ni kwamba hewa ya makaa iliinyang'anya mitapo oksijeni yake, uchafu ukalainika na kutengana, na kilichobaki ni bonge zito lenye vitundu kama sifongo. Bonge hilo lilipashwa moto na kupigwa tena na tena mpaka mavi ya chuma yakatoka. Kazi kubwa ya mhunzi ilikuwa hapo, katika kupiga, na ndiyo maana Kiswahili husema kufua chuma, kwa kitenzi kile kile cha kufua nguo: katika kazi zote mbili uchafu hutolewa kwa kipigo.

Kazi hii ilielezwa kwa maandishi na W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine katika kitabu chao cha mwaka 1910, ambacho jina lake liliwataja Wagikuyu kuwa watu wa kabla ya historia. Inashangaza kwamba watu walioweza kugeuza mchanga kuwa upanga waliitwa hivyo na watu walioshindwa kuificha ajabu yao walipoona jambo hilo likitendeka. Jomo Kenyatta aliirudia kazi ya wahunzi katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, akiiandika kama mtu wa ndani, na kueleza jinsi mhunzi alivyoheshimiwa na jinsi laana yake ilivyoogopwa. Kwa Wamaasai hali ilikuwa nyingine: wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa, hawakuozwa mabinti wa Wamaasai wengine, na silaha walizozifua zilihesabiwa kuwa zimebeba damu. Jamii moja ilimwogopa mhunzi ikamheshimu, nyingine ilimwogopa ikamtenga. Zote mbili zilinunua kisu chake.

Isidhaniwe kwamba ufundi huu ulikuwa wa bara peke yake. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida kubwa. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba amechunguza mabaki ya ufuaji chuma katika pwani ya Kenya, na huko Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliotangazwa mwaka 1978 ulionyesha ufundi wa chuma na pua wenye umri wa karibu miaka 2,000.

Kilichoyazima matanuri si uzembe wa wahunzi. Misafara ya biashara ilileta waya wa chuma, kisha reli ikaleta vyuma vya kila namna. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba ya mkonge na kahawa yakataka mapanga mengi kwa bei ndogo, na viwanda vya Birmingham vikayatoa. Panga lenye nembo ya mamba la Ralph Martindale wa Birmingham liliuzwa katika sehemu nyingi za Afrika. Kuosha mchanga wa mtoni kwa siku nyingi ili kupata kisu kimoja kukawa hasara. Mhunzi akaacha kuwa mtoa chuma, akabaki mfua chuma: panga lililochakaa likakatwa na kunolewa upande wa pili, likawa sime. Ziko sime kuukuu ambazo mtu akizigeuza kwenye mwanga huona alama ya kiwanda cha Uingereza imefifia karibu na mpini.

Baadaye likaja gari, na pamoja nalo chuma bora kuliko vyote ambavyo fundi wa kijijini amewahi kupata bure au kwa bei ya chakavu. Hicho ni chuma cha springi, yale mabapa yaliyopindwa ambayo hubeba uzito wa lori juu ya ekseli. Kwa kawaida kina kaboni takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kushika makali bila kuwa chepesi kukatika. Bapa la springi lililovunjika katika barabara ya Garissa haliishii kwenye jalala.

Fundi hulikata kipande, akakipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakinyoosha juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli au chuma kizito cha gari. Hukifua umbo, akakiacha kipoe polepole ili kilainike, akakipiga tupa au jiwe la umeme mpaka makali yakaanza kuonekana. Kisha inakuja hatua inayotenganisha fundi na mpiga nyundo. Bapa hurudishwa motoni mpaka lifike wekundu maalumu, karibu nyuzi 830, kisha huchovywa kwa ghafla katika mafuta. Lisipofika joto hilo halitakuwa gumu; likizidi litakuwa na punje kubwa ndani yake na litavunjika. Wapo mafundi wanaotumia sumaku, maana chuma kikipita nyuzi 770 hakivutwi tena na sumaku, na hiyo ni ishara kwamba wakati umekaribia. Baada ya kuchovywa chuma ni kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo, hivyo hurudishwa kwenye joto dogo, la nyuzi 200 hadi 250, mpaka uso wake uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu. Kisu kikitoka hapo kinakata na kinapinda kidogo bila kukatika.

Kazi hii yote inategemea jicho. Ndiyo maana, ingawa sekta nzima ya mafundi hawa inaitwa jua kali, mfua visu hulikimbia jua. Wekundu wa nyuzi 700 na wekundu wa nyuzi 830 haviwezi kutofautishwa juani. Mhunzi hutaka kivuli, na aliye bora hutaka giza kidogo. Jina la jua kali lilipata hadhi ya kiserikali hasa baada ya Rais Daniel arap Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda. Kenneth King, aliyewafuatilia mafundi wa Kenya tangu miaka ya 1970, aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1996. Katika maandishi ya sera, fundi huyu huhesabiwa kama ajira. Ni mara chache kuhesabiwa kama mjuzi.

Kipo kipindi kimoja ambapo ujuzi huo ulihesabiwa, na kuogopwa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walitegemea mafundi waliojua chuma. Bunduki za kienyeji zilitengenezwa kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na sime ikawa silaha ya asiye na bunduki. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwezi Februari 2007 inamwonyesha akiwa na bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Watalii huipiga picha kila siku. Jina la aliyewafulia wapiganaji visu vyao halimo katika jiwe lile.

Kisu cha kipepeo

Kisu cha kipepeo asili yake inahusishwa na mkoa wa Batangas, kusini ya Manila, hasa mji wa Taal. Katika Taal kiko kitongoji kinachoitwa Balisong, na balisong ndilo jina la kisu chenyewe. Umbile lake ni la werevu mkubwa. Kina mipini miwili badala ya mmoja, kila mpini una mfereji ndani, na yote miwili imeshikizwa kwenye shina la bapa kwa misumari inayoiruhusu kuzunguka kama bawaba. Mipini ikifungwa, bapa hulala ndani ya mifereji na haliwezi kumkata mtu. Ikifunguliwa na kugeuzwa mpaka ikutane upande wa pili, kisu kinakuwa imara kama kisu kisichokunjwa. Komeo dogo mwishoni huishika mipini isiachane. Katika kufunguka huko mipini hupepea kama mbawa, ndipo likatoka jina la kipepeo.

Mwenye mazoea hukifungua kwa mkono mmoja kwa mzunguko wa kiganja. Mpini mmoja unatazamana na upande butu wa bapa na mwingine unatazamana na makali. Anayejifunza akishika huu wa pili hujikata. Kiswahili hakina istilahi zilizozoeleka za mipini hii, na pengine mpini wa mgongo na mpini wa makali yangefaa. Wachezaji wengi hufanyia mazoezi kisu kisichonolewa.

Mafundi wa Batangas kwa kawaida wametumia chuma chakavu, yakiwemo mabapa ya springi za magari, na kuipamba mipini kwa pembe, mfupa au mbao. Kwa maneno mengine, fundi wa Taal na fundi wa jua kali wa Thika wanaanza na kipande kile kile cha lori bovu. Tofauti inaanzia baada ya hapo. Askari wa Marekani walikichukua kisu hicho kwenda kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1979 Les de Asis alianza huko California kampuni ya kuvitengeneza iliyokuja baadaye kuwa Benchmade, na filamu zikafanya yaliyobaki. Serikali nazo zikaingiwa na hofu: Uingereza ilikitia katika orodha ya silaha zisizoruhusiwa kuuzwa mwaka 1988. Pamoja na hayo yote, kisu kimebaki na jina la kitongoji chake. Mkusanyaji wa Chicago anayesema balisong anatamka, ajue asijue, mahali ambapo mafundi wanaishi.

Kabati la mkusanyaji

Sime haikupata bahati hiyo. Ilikusanywa kwa wingi na mapema, lakini kwa namna ya kuikata mizizi. Maafisa wa kikoloni, wamisionari, wawindaji na wasafiri waliichukua kama zawadi, kama ushahidi, kama nyara au kwa kununua, na ikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za Ulaya. Kadi yake kwa kawaida huandikwa jina la kabila, jina la chombo, vitu vilivyotumiwa, na jina la aliyekitoa. Aliyekitoa ni Mzungu. Aliyekifua hayumo. Na kwa kuwa sime za mataifa matatu zilifanana na zilibadilishana mikono, hata jina la kabila katika kadi hizo si la kutegemewa sana: kisu kilichofuliwa na Mgikuyu, kikauzwa kwa Mkamba, kikatekwa na Mmaasai, kitaandikwa kuwa cha Kimaasai, maana huko ndiko mkusanyaji alikokikuta.

Wakusanyaji binafsi waliofuata wakalishika neno la Kiswahili lakini wakalipotosha. Katika orodha za minada hukutwa seme, wakati mwingine na maelezo kuwa hilo ni neno la Kimaasai. Mmaasai husema olalem. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya leksikografia angeweza kuanzia hapo.

Mkusanyaji aliyefanya kinyume alikuwa Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka 1911 kwa mama Mmaasai na baba Mgoa, na aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Baada ya kuacha siasa alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha jumba la African Heritage mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Murumbi alinunua vitabu, stempu, vinyago, vyombo na mapambo ya Kiafrika ili yasiondoke. Alikataa wanunuzi wa nje na kuiuzia serikali ya Kenya mkusanyo wake mkubwa mwaka 1977, na sehemu yake inaonekana katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi. Alifariki mwaka 1990. Nchi ambayo wakusanyaji wake wengi walikuwa wageni ilipata mmoja aliyekusanya kwa hofu ya kupoteza, na hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Ukubwa wa kilichopotea ulianza kupimwa karne hii. Kati ya mwaka 2018 na 2021 Makavazi ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Nairobi wa kundi la The Nest na wenzao wa Ulaya, yalifanya mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Orodha ilipita vitu 32,000 katika taasisi 30 tu. Maonyesho yaliyotokana na mradi huo, mwaka 2021, yaliweka makabati matupu pamoja na vitu, ili mtazamaji aone nafasi ya kisichokuwapo. Silaha zina sehemu yake katika hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa ni vitu vilivyobebeka kwa urahisi na vilivyompa mchukuaji hadithi ya kusimulia mezani.

Mwenye kutaka kukusanya leo akiwa Kenya anapaswa kujua mambo machache ya kisheria na ya kiufundi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa kitu cha kale, na hakiwezi kupelekwa nje bila kibali. Sime nyingi sokoni hazina umri huo. Zinazouzwa kwa watalii Nairobi zikiwa na ala nyekundu mpya na shanga nyingi huwa ni za springi, au za bati jembamba lisilochovywa, ambazo zikipinda hazirudi. Sime ya zamani huwa na mgongo uliofuliwa katikati ya bapa pande zote mbili, alama za nyundo zisizolingana, mpini mwembamba uliozungushiwa ngozi, na ala iliyochakaa mahali pale mkono ulipozoea kushika. Bapa lililotokana na panga huwa tambarare na jembamba. Kuisugua sime kuukuu mpaka ing'ae ni kuiharibu. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Suala la mpini lina uzito wake. Pwani na Uarabuni, thamani ya jambia hupimwa sana kwa mpini, na nchini Yemen mpini uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Mahitaji hayo yalichangia maangamizi ya vifaru wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 mwaka 1970 na wakabaki chini ya 400 kabla ya miaka ya 1980 kwisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Oman, kwa upande wake, ambayo imeiweka hanjari katika bendera yake, ilifanikiwa mwaka 2022 kuuingiza ufundi wa kuitengeneza katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu zisizoshikika. Kinachotambuliwa katika orodha hiyo ni ujuzi wa mafundi na desturi za kuivaa, si chuma kilicho kabatini.

Sime ya Ngoliba haiko katika orodha yoyote ya namna hiyo. Panga na sime vimeingia katika fikira za Wakenya wengi kupitia taarifa za polisi na kumbukumbu za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mzazi akimwona mwanawe na kisu kirefu hawazi juu ya mhunzi. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini imesababisha hata wazee wanaozijua hatua za kazi wazitaje kwa sauti ya chini, na watafiti wa fasihi simulizi, ambao hukusanya vitendawili, methali na nyimbo za tohara kwa bidii, huipita karakana ya mhunzi pasipo kugeuza kichwa. Humo ndimo maneno kewa, koleo na fuawe yangalikutwa yakitumika, pamoja na majina yake ya Kigikuyu na Kikamba, na ndimo pangeulizwa swali ambalo kadi za makumbusho hazikuliuliza kwa zaidi ya miaka 100: kisu hiki alikifua nani, na alijifunza kwa nani?

Orodha ya vile vitu 32,000 na zaidi ina nafasi ya jina la taasisi, nafasi ya mahali kitu kilipotoka na nafasi ya mwaka kilipochukuliwa. Mtu wa Ngoliba anayejua kwamba ile ala nyekundu inaitwa njora, na kwamba mgongo wa bapa haukuwa pambo bali ulizuia kisu kisipinde, tayari anajua zaidi ya kadi nyingi zilizobandikwa chini ya visu hivyo.